Ndege Iliyonifukuza

Najua mmeshasikia. Yule rafiki yangu asiye na breki mdomoni ameshatangaza kwamba nilikimbizwa na jini angani. Haya, sogeeni, sasa mpate habari kwa mwenye aibu yake.

Futi 2,500, wingu hakuna, pembeni ya kiwanja chenye ndege nyingi. Mwalimu kulia, mimi kushoto, kishikwambi kipya nimekifunga pajani. Kile kinachoonyesha ndege za jirani kwa vimshale, kila kimoja na tofauti ya kimo chake na chako. Sikubandua macho. Dirisha la nini? Dirisha ni la abiria. (Msicheke bado, nafika.)

Mara kimshale kikachomoza nyuma yangu. Tofauti ya kimo: 00.

Nikakata kushoto. Kikatulia kidogo... kikakata kushoto. Nikakata kulia. Kikatulia, kikawaza, kikaja kulia. Nikashuka futi 200. Nacho, taratibu, bila haraka yoyote, kikashuka futi 200. Mikono imelowa, usukani unateleza. Nikabonyeza redio, masafa ambayo kila rubani wa pale anayasikiliza, akiwemo yule rafiki, nikatoa sauti nyembamba nisiyoijua:

“Mnara, kuna ndege inanifuata! Iambieni iniache!”

Kimya. Masafa yale huwa hayana nafasi hata ya kukohoa, lakini siku hiyo kila mtu alinyamaza kunisikiliza.

Mwongoza ndege akajibu kwa upole wa mtu anayempa mkono mfiwa: “Hapo ulipo naona ndege moja tu. Ni wewe.”

Mwalimu, aliyekuwa anatazama nje muda wote, akakifunika kishikwambi kwa kiganja. “Hicho ni kivuli chako. Rada ya ardhini imekuona, mtambo wa huko ukarusha taarifa zako hewani, na hiki kidude hakijui kuwa ni wewe.” Taarifa zenyewe huchelewa sekunde kadhaa, ndiyo maana jini langu lilikuwa linawaza kabla ya kukata kona. “Sasa tazama nje, kushoto.”

Nikageuka. Glaida nyeupe, ndege isiyo na injini, mabawa marefu, inajizungusha kwenye hewa inayopanda, karibu kiasi cha kuiona kofia ya rubani. Akanipungia. Nikainua kiganja cha Mwalimu nichungulie kioo: pale palipo na glaida, patupu. Haikuwa na transponda, kile kifaa cha ndege kinachoijibu rada, na kidude changu humwona anayejitangaza au aliyenaswa na rada. Mwalimu alikuwa ameiona tangu ikiwa nukta, ndiyo maana aliniacha nihangaike na kivuli changu.

Tulitua. Kulikuwa na makofi. Tuendelee.

Sasa naruka kishikwambi kikiwa kimefunikwa gazeti, nalikagua anga vipande vya digrii 10, ubavu hadi ubavu. Leo asubuhi nimeomba ruhusa ya kuondoka. Mnara ukajibu: “Wewe na mwenzako, ruksa kuruka.”