Maiti Kuzuiwa kwa Deni la Matibabu: Hoja za Hospitali na Hoja za Wafiwa

Huduma ya hospitali kwa mgonjwa haikomi anapokata roho. Muuguzi humfumba macho, humfunga taya, humnyoosha viungo kabla ya mwili kukakamaa, jambo linaloanza saa chache tu baada ya kifo, na humwondolea mipira na sindano isipokuwa pale uchunguzi wa chanzo cha kifo unapotarajiwa. Kisha humfunga kibandiko chenye jina mkononi au mguuni na kumfunika shuka. Mochwari nako marehemu hulazwa kichwa kikiwa kimeinuliwa kidogo ili damu isituame usoni, katika jokofu lenye baridi ya nyuzi 2 hadi 6 hivi. Kazi hiyo hufanywa na watu ambao jamii huwaogopa kuliko inavyowashukuru.

Ni katika chumba hichohicho ambamo hospitali kadhaa za Tanzania na Kenya zimekuwa zikidai fedha zao, kwa kukataa kuutoa mwili mpaka gharama za matibabu zilipwe. Serikali ya Tanzania imekwisha kulikataza jambo hilo zaidi ya mara moja. Nchini Kenya, Mahakama Kuu ya Mombasa iliamua mwaka 1998, katika shauri dhidi ya hospitali moja ya mji huo, kwamba maiti si mali ya mtu na kwa hiyo haiwezi kuwekwa rehani ya deni. Hata hivyo desturi hiyo haijaisha, ila imejifunza adabu: hakuna anayetamka kwamba mwili umezuiwa, bali ndugu huambiwa kuwa karatasi ya kuutolea inasubiri muhuri wa mhasibu.

Upande wa hospitali una hoja nzito kuliko wakosoaji wanavyopenda kukiri. Tangu uchangiaji wa gharama, yaani mgonjwa kulipia sehemu ya matibabu yake, uanzishwe, Kenya mwaka 1989 na Tanzania mwaka 1993, hospitali za umma zimekuwa zikitegemea makusanyo ya dirishani kununulia sehemu ya dawa, glavu na vitendanishi vya maabara, na hospitali za mashirika ya dini hutegemea makusanyo hayo zaidi. Mgonjwa aliyelala majuma mawili katika chumba cha mahututi ametumia oksijeni, damu, dawa na saa za wataalamu, na vyote hivyo lazima vilipiwe hata kama hakupona. Mhasibu anajua pia kwamba baada ya maziko ukoo hutawanyika, namba ya simu iliyoandikwa kwenye faili haipatikani, na anwani iliyobaki ni jina la mtaa tu. Anajua vilevile kwamba msiba ndio wakati pekee ambapo ndugu wote wako pamoja na wanachanga. Zipo familia zinazokodi maturubai, mabasi na mpiga video, zikanunua jeneza la bei kubwa, halafu zikaiomba hospitali msamaha. Anayeona hayo kila juma ana haki ya kukasirika.

Lakini hasira si dhamana, na maiti ni dhamana mbovu kwa vigezo vya mhasibu mwenyewe. Kitu kinachoshikwa kwa ajili ya deni hutarajiwa kuwa na thamani kwa anayekishika, ilhali mwili hauuziki, na kila unapolala mochwari gharama ya kuutunza huongezwa juu ya deni ambalo familia ilikwisha kushindwa kulilipa. Huduma yenyewe nayo huharibika. Baridi ya jokofu la kawaida hupunguza kasi ya mwili kuharibika, haiizuii. Mwili ukikaa majuma kadhaa ngozi hubadilika, na mhudumu hulazimika kutumia fomalini, kemikali ambayo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka mwaka 2004 katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu. Familia nyingi za Kiislamu hazitaki mwili wa ndugu yao udungwe dawa hiyo, wala hazitaki maziko yacheleweshwe. Droo nazo zina idadi yake, na zikijaa kwa miili iliyozuiliwa, mwili mpya hulazwa juu ya mwingine au sakafuni.

Zaidi ya hayo, kizuizi hakimpati mkwepaji peke yake. Mwenye uwezo hulipa siku ya pili, tena huenda angelipa hata kama angedaiwa kwa barua na mdhamini. Asiye na kitu huuza shamba, au huacha kabisa kurudi, na mwili unaoachwa hatimaye huzikwa kwa gharama za umma. Hapo hospitali imekosa deni, imepoteza droo kwa muda wote huo, na familia imekosa kaburi.

Jamii zetu si kwamba hazikujua namna ya kudai deni la mtu aliyekufa. Katika sheria ya Kiislamu, mali ya marehemu hutolewa kwanza gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia, ndipo warithi wagawane. Na katika misiba mingi, ya Waislamu na hata ya wasio Waislamu, msemaji wa familia husimama mbele ya watu akatangaza kwamba anayemdai marehemu awaone ndugu. Deni halifutwi wala halidharauliwi. Hupewa mtu aliye hai wa kuliitikia, na maziko yanaendelea.

Kwa maoni yangu, basi, katazo ni sahihi, ila nina shaka na makatazo yanayotolewa jukwaani bila fungu la fedha. Hospitali isiyoweza kudai mlango wa nyuma itadai mlango wa mbele: itataka malipo ya awali kabla ya kumlaza mgonjwa, na hasara iliyoondolewa kwa wafiwa itamwangukia mama aliyefika usiku na mtoto anayeshindwa kupumua. Tanzania ilitunga Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na kama bima hiyo itamfikia kila mtu, sehemu kubwa ya ugomvi huu itapungua. Kabla ya hapo yapo mambo yasiyohitaji sheria mpya. Ndugu waelezwe gharama zinavyopanda siku kwa siku, badala ya kupewa bili nzima pamoja na taarifa ya kifo. Afisa ustawi wa jamii amchunguze asiye na uwezo angali wodini. Mkataba wa malipo ya awamu usainiwe na mdhamini anayejulikana kwa serikali ya mtaa, na mhudumu wa mochwari atoe mwili kwa kibali cha daktari, si kwa stakabadhi ya malipo. Yote hayo yatapunguza hasara, lakini misamaha itabaki, na katika hospitali isiyotengewa fungu la kuifidia, fedha hizo hutoka palepale zinapotoka za kununulia dawa.