Nikipiga Stata, Klachi Inatoa Moshi

Mimi si fundi. Nina spana, nina ovaroli, na nina mdomo. Ukiviingiza vitatu hivyo chini ya Volkswagen ya 1965, ile ya mgongo wa kobe yenye injini nyuma, lazima kitu kiungue.

Ilianza asubuhi moja. Nazungusha ufunguo: tk! Tena: tk! Nikawasha taa za mbele, zikamulika ukuta kweupe, na hata nilipopiga stata hazikufifia. Mwenye akili angesimama hapo ajiulize: kama betri ina nguvu zote hizi, mbona stata haipati? Mimi nikaenda kununua betri.

Gari la umri huo ni la volti 6, kwa hiyo stata yake inavuta ampea kama mara mbili ya stata ya volti 12, na waya ukilegea kidogo tu imekwisha. Hilo nililijua. Tena nilimhubiria jirani yangu mzee saa nzima, mikono kiunoni, huku waya wenyewe sijaugusa hata mmoja. Mzee alisikiliza, akatikisa kichwa, akaenda zake.

Na betri mpya, stata ikajikongoja: rrr... rrr... r. Injini ikawaka kwa huruma tu. Ila pedali ya klachi ikaanza kuwa nzito, kila siku nzito kuliko jana, mpaka nikawa naikanyaga kama napanda ngazi. Siku moja, pwa! Mguu ukafika sakafuni. Waya wa klachi umekatika. Nikajaribu kuwasha nilisogeze gari pembeni: tk. Stata nayo imekufa, siku hiyohiyo, kama wazee waliooana miaka hamsini.

Nikanunua waya wa klachi. Huo ni waya wa chuma uliosukwa, unapita ndani ya bomba katikati ya sakafu kutoka kwenye pedali hadi kwenye giaboksi kule nyuma. Nikaupaka grisi kwa ukarimu, nikakaza ile nati yenye masikio hadi pedali ikabaki na mchezo wa milimita 15 kabla ya kuuma, nikapanda, nikazungusha ufunguo. Stata ikafufuka!

Hapa naomba radhi kwa mafundi wote. Nimebadilisha klachi, stata ikapona, na mimi badala ya kushtuka nikajipongeza. Nikaendelea kupiga stata maana injini ilikuwa bado inasita. Nikapiga, nikapiga. Moshi ukaanza kutoka miguuni kwangu, mweupe, wenye harufu ya grisi ya kukaanga.

"Baba watoto, unachoma nini?" mke wangu akaita.

"Klachi inazoea!"

Alikuja na ndoo. Sikupata nafasi ya kueleza zaidi.

Nikiwa nimelowa hadi soksi, yule mzee jirani akatokea na mita yake ya kupimia umeme mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Toka huko, kijana wangu, uje upige stata nikikwambia."

Akainua kiti cha nyuma, maana betri ya gari hili inakaa chini yake, akashika ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine akaigusisha kwenye chuma cha giaboksi. "Piga." Mita ikasoma karibu volti 3. Palitakiwa pawe karibu na sifuri.

"Stata imefungwa kwenye giaboksi, na giaboksi yako imekaa juu ya mipira isiyopitisha umeme," akasema. "Umeme wa stata unarudije kwenye betri?"

Nikanyamaza.

"Kuna mkanda wa waya uliosukwa, mpana kama kidole gumba, unaunga giaboksi na bodi. Wako hauko. Kwa hiyo mamia ya ampea yanarudi kwa kupitia waya wa klachi. Ndiyo maana unaungua. Nani alifungua mipira ya giaboksi mara ya mwisho?"

Nani tena. Mwezi uliopita nilibadilisha mipira hiyo mimi mwenyewe, na nilipomaliza kikabaki kitu kimoja, kizuri sana, kimesukwa kama mkeka, kina tundu kila upande. Nikaona ni pambo. Tukageuka wote watatu kutazama mlango wa banda, ambao komeo lake lilivunjika zamani. Ulikuwa umefungwa kwa huo mkanda, fundo mbili.

Nikaufungua, nikausugua kutu kwa msasa, nikaukaza mahali pake. Ufunguo robo tu, injini ikanguruma. Mzee alicheka hadi akaegemea bonneti, na mita yake ikamwanguka.

Mlango wa banda sasa nimeufunga kwa ule waya wa klachi uliokatika. Unashika vizuri kuliko mkanda.