Waifai na Intaneti Si Kitu Kimoja

Mama mdogo wangu anakaa Tabata. Kwa mwezi mzima alikuwa akinipigia simu na neno ni lilelile: "Mwanangu, waifai imekufa tena." Kampuni iliyomfungia faiba, ule waya mwembamba unaoleta intaneti kwa mwanga, alikuwa ameshaipigia mara tatu, na mara ya tatu mhudumu akamshauri apandishe kifurushi kutoka kasi ya Mbps 20 (megabiti 20 kwa sekunde) hadi 50. Akapandisha. Chumbani kwake, mwisho wa korido, video bado zikawa zinazunguka tu.

Jumamosi nikaenda. Ruta, kile kifaa kinachotoa waifai, niliikuta sakafuni, nyuma ya kabati la televisheni, imefunikwa kitambaa cha kufuma ili isishike vumbi. Kutoka hapo hadi kitandani kwake kuna kuta tatu za matofali ya saruji, na friji imesimama katikati ya njia. Kasi aliyoilipia ilikuwa inafika salama mpaka sebuleni. Ilikuwa inafia ukutani.

Jambo hili linaniuma, maana mama mdogo si wa kwanza. Tumezoea kusema "waifai" tukimaanisha kila kitu, na kwa neno hilo moja watu wanatoa pesa bure. Intaneti ni ile inayoletwa na kampuni mpaka kwenye ruta, kwa faiba au kwa laini ya simu. Waifai ni mawimbi ya redio yanayotoka kwenye ruta kwenda kwenye simu na kompyuta zako. Hiyo ya kwanza unailipia kila mwezi. Ya pili inategemea nyumba yako ilivyojengwa na mahali ulipoweka ruta. Kampuni ikikuongezea kasi hata mara kumi, ukuta wako uko palepale. Kwa maoni yangu si haki kabisa mteja kuuziwa kifurushi kikubwa kabla hajaulizwa swali dogo tu: ruta umeiweka wapi?

Kuzitenganisha hakuhitaji fundi. Chukua simu, zima data, simama hatua mbili kutoka kwenye ruta. Kama pale mambo yanakwenda na chumbani yanakwama, tatizo ni waifai. Kama hata pale hakuna kitu, na simu inaonyesha mistari yote ya waifai ikiwa na alama ya mshangao pembeni, basi simu imeunganishwa na ruta vizuri ila intaneti yenyewe haijafika. Hapo tazama taa za kifaa cha faiba. Ile iliyoandikwa LOS ikiwaka nyekundu, mwanga wa faiba haufiki nyumbani kwako, na hapo ndipo simu kwa kampuni ina maana. Usihangaike kubadilisha nywila.

Kwenye kompyuta kuna kipimo ninachokipenda zaidi kwa sababu hakibahatishi. Kwa kompyuta ya Windows, fungua Command Prompt, lile dirisha la kuandikia amri, andika ping, acha nafasi, kisha weka anwani ya ruta. Mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, na imeandikwa kwenye kibandiko chini ya ruta yenyewe. Ikijibu, njia ya kati yako na ruta ni nzima. Sasa jaribu ping 8.8.8.8, ambayo ni seva ya Google. Nayo ikijibu, intaneti ipo. Kama zote mbili zinajibu na bado kurasa hazifunguki, mshuku DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba. Mara nyingi kuiwekea kompyuta hiyo 8.8.8.8 kama DNS yake kunamaliza kazi. Na ukikuta kompyuta yako ina anwani inayoanza na 169.254, ujue ruta haikuipa anwani, imejipa yenyewe. Zima ruta, subiri nusu dakika, iwashe, kisha iambie kompyuta isahau mtandao huo na uiunganishe upya.

Kwa mama mdogo haikufika huko. Tulinunua waya mrefu zaidi, tukaihamishia ruta koridoni, juu ya kabati la vitabu, bila kitambaa. Faiba inataka upole: ukiikunja kwa nguvu mwanga unapotea, kwa hiyo pembeni tuliipitisha kwa mviringo mpana. Kisha nikaingia kwenye mipangilio. Ruta yake ina masafa mawili. Ya 5 GHz yana kasi lakini hayapendi kuta, ya 2.4 GHz yanafika mbali ila yana msongamano, maana yanatumiwa na ruta za majirani, Bluetooth, hata maikrowevu. Televisheni iliyo karibu tukaipa 5 GHz, simu ya chumbani ikabaki kwenye 2.4. Masafa hayo yamegawanywa vipande viitwavyo chaneli. Majirani wengi walikuwa wamejaa kwenye chaneli ya 6, nikahamia ya 1. Kwenye 2.4 GHz, chaneli 1, 6 na 11 ndizo zisizogongana.

Nywila nayo ilikuwa ileile aliyoiweka fundi siku ya kwanza: 12345678. Tukaibadilisha, na ile ya kuingilia kwenye mipangilio ya ruta pia, ambayo watu wengi huisahau. Anayeingia pale anaweza kubadilisha DNS na kukupeleka kwenye tovuti za wizi bila wewe kujua.

Jioni mama mdogo alijilaza chumbani, akampigia mjukuu wake simu ya video, wakaongea mpaka chakula kikapoa. Mwezi uliofuata alirudi kwenye Mbps 20.

Mafundi wanaofunga faiba wanafanya kazi ngumu juani, lakini mazoea ya kutoboa ukuta ulio karibu na nguzo na kuiacha ruta hapohapo hayafai. Kama unasubiri kufungiwa, mtembeze fundi nyumba nzima kabla hajashika drili. Mwonyeshe mnapokaa na mnapolala, na mwombe waya ufike katikati ya nyumba, hata kama utaongeza pesa ya mita chache.