Gari ya umeme kwenye safari ndefu: betri kubwa sio jibu la kila kitu

Ukiwasikiliza watu wanavyobishana kuhusu gari za umeme na safari ndefu unaweza ukadhani wanaongelea vitu viwili tofauti kabisa. Mmoja anasema kavuka nchi nzima bila shida, mwingine anasema hata umlipe harudii, na wote wanaweza kuwa wanasema kweli, maana hawakuwa na gari ya aina moja wala hawakupita njia moja.

Kwanza ile namba ya masafa kwenye matangazo, yaani umbali gari inaoenda kwa chaji moja, isikudanganye. WLTP, kipimo rasmi cha masafa kinachotumika Ulaya, kina wastani wa spidi ya kama kilomita 46 kwa saa, sasa nani anasafiri siku nzima kwenye barabara kuu kwa mwendo huo? Na upepo nao hauna huruma, spidi ikiwa mara mbili upinzani wa hewa unakuwa mara nne. Chukua gari yenye betri ya kilowati-saa 75, ukienda kilomita 120 kwa saa itakula tuseme kilowati-saa 22 kila kilomita 100, kwa hiyo kutoka imejaa mpaka imebaki asilimia 10 umepata kama kilomita 300 hivi. Baada ya hapo hujazi tena mpaka asilimia 100, unaishia 80 kwa sababu betri ikikaribia kujaa inapokea umeme polepole sana ili isiharibike, hivyo kila ukitoka kituoni una kama kilomita 240 tu, yaani masaa mawili. Safari ya kilomita 600 ina maana utasimama mara mbili. Ukishuka mpaka kilomita 100 kwa saa unasimama mara moja tu, ila usijidanganye kwamba utafika mapema, kama chaja zinafanya kazi vizuri aliyeenda 120 bado anakuacha. Faida ya kupunguza mwendo ni kwamba unategemea kituo kimoja badala ya viwili, na mi naona hilo ndo la maana zaidi, nitalirudia.

Wapenzi wa petroli hapo wanacheka na wana haki. Lita moja ya petroli ina nishati ya karibu kilowati-saa 9, kwa hiyo tenki la lita 50 limebeba kama mara sita ya hiyo betri. Injini inapoteza sehemu kubwa ya hiyo nishati kama joto, sawa, ila hata ukishatoa hasara yote bado tenki linakufikisha mbali zaidi na linajaa kwa dakika chache. Isitoshe gari ya umeme inang'ara mjini ambako kila ukishika breki inarudisha umeme kwenye betri, kwenye barabara kuu iliyonyooka breki unashika mara ngapi?

Lakini kinachosahaulika ni kwamba kasi ya kuchaji imebadilika kuliko hata ukubwa wa betri. Hyundai Ioniq 5 inatumia mfumo wa volti 800 unaoiwezesha kupokea umeme kwa haraka, na kwenye chaja ya kilowati 350 inatoka asilimia 10 mpaka 80 kwa kama dakika 18. Linganisha na Nissan Leaf ya kizazi cha pili, betri yake haina mfumo wa maji wa kuipoza, ukichaji kwa haraka mara mbili tatu siku moja inapata joto na gari yenyewe inapunguza kasi ya kuchaji ili kujilinda, unakaa pale unaangalia namba hazisogei. Zote mbili ni gari za umeme. Ndo maana mtu akiniuliza betri ni kubwa kiasi gani mi namuuliza inachaji kwa kasi gani, na kwa plagi ipi, maana Leaf hiyo inatumia plagi aina ya CHAdeMO wakati chaja mpya nyingi Ulaya ni za plagi nyingine, CCS.

Halafu kuna hoja ya mapumziko, kwamba binadamu anatakiwa kusimama hata hivyo, na sheria za Ulaya zinamlazimisha dereva wa lori apumzike dakika 45 baada ya kuendesha masaa manne na nusu. Hoja nzuri, ila ina tundu, mwenye petroli anapumzika pale anapochoka na wewe unapumzika pale penye chaja. Kama chaja ni mbovu au ina foleni, hayo sio mapumziko tena. Januari 2024 kule Chicago baridi ilikuwa kali mno, madereva wa Tesla wakakwama kwenye vituo vya kuchaji, betri zilizopoa zinachaji taratibu, foleni ikazidi kurefuka na wengine chaji ikawaishia wakiwa kwenye mstari. Kwa upande mwingine Norway ni baridi na karibu gari 9 kati ya kila 10 mpya zilizouzwa 2024 zilikuwa za umeme, na watu wanasafiri. Chaja zao ni nyingi, na wamezoea kupasha betri moto kabla ya kufika kituoni. Umoja wa Ulaya nao umetunga sheria kwamba kwenye barabara zake kuu kuwe na chaja za nguvu kila kilomita 60, tarehe ya mwisho ya hatua ya kwanza ikiwa ni mwisho wa 2025.

Kwa hiyo kipimo changu ni kimoja: chaja niliyopanga ikiwa imekufa, ninaweza kufika kwenye nyingine kwa chaji iliyobaki? Kama jibu ni ndio njia nzima, nenda, na pengine utafika hujachoka kuliko mwenye petroli. Kama kuna hata sehemu moja jibu ni hapana basi hiyo safari ni kamari, hata kama betri yako ni kubwa kuliko zote. Na mwenye kuvuta tela refu aache kabisa ubishi huu kwa sasa, tela linaweza kukata masafa karibu nusu na vituo vingi vimejengwa hivi kwamba inabidi ulifungue na kuliacha pembeni kwanza ndo uchaji.