Katuni za kale: kuziuza zilivyo au kuzikarabati kwanza?

Mzee akishafariki na wanawe wakaanza kupanga vitu vya ndani, aghalabu hutokea sanduku la magazeti ambalo hakuna aliyekumbuka kuwa lipo. Hapa Mwanza masanduku ya namna hiyo hayafanani, lakini mchanganyiko wake naujua: katuni za Kimarekani za miaka ya 1960 na 1970, nyingine zikiwa na bei ya peni badala ya senti kwa kuwa zilichapwa kwa ajili ya soko la Uingereza, magazeti ya hadithi za picha za mpelelezi Lance Spearman, na matoleo ya Sani, gazeti letu la katuni, yenye akina Lodi Lofa, Ndumilakuwili na Madenge. Hapo ndipo ubishi unapoanza. Mmoja anataka yasafishwe, yabandikwe palipochanika, yapendeze ndipo yauzwe. Mwingine, aliyekwisha kuperuzi mtandaoni, anasema ole wake atakayegusa.

Wote wawili wana hoja. Tatizo ni kwamba kila mmoja ana soko lake kichwani.

Anayekataza kugusa ana soko la Marekani. Huko kwa miaka mingi bei ziliongozwa na kitabu cha Overstreet, kilichoanza kutoka mwaka 1970, na hali ya nakala ilitegemea kauli ya muuzaji. Mwaka 2000 ikaanza kazi kampuni ya CGC. Unaipelekea katuni yako, inakaguliwa ukurasa kwa ukurasa, inapewa alama kati ya 0.5 na 10, kisha inafungiwa ndani ya kasha gumu la plastiki lenye lebo. Lebo ya bluu ni ya nakala ya kawaida. Ya zambarau ni ya nakala iliyokarabatiwa, na wakusanyaji wameibandika jina la kikatili: lebo ya kifo, kwa jinsi inavyoshusha bei.

Ukali huo haukuzuka bure. Kabla ya hapo wajanja walikuwa wakikata kingo zilizochakaa ili pembe zionekane kali, wanapaka wino jalada lililopauka, wanaziba tundu kwa kipande cha nakala nyingine, halafu wanauza kama kitu ambacho hakijaguswa. Na kutoguswa ndiko hasa kunakolipiwa. Mwaka 2014 nakala ya Action Comics namba 1, ya Juni 1938, ambamo Superman alitokea kwa mara ya kwanza, yenye alama 9.0, iliuzwa dola milioni 3.2. Hadithi iliyomo imechapwa upya mara nyingi na mtu anaweza kuisoma kwa bei ya soda. Mnunuzi alilipia karatasi iliyopita miaka 76 bila kuharibika. Ukishaipaka wino karatasi ya namna hiyo, umegusa kile kile kinachouzwa.

Hadi hapo nawaunga mkono. Ila sheria yao ina vituko. Mtu akiwa na katuni yenye lebo ya zambarau kwa sababu ya rangi kidogo iliyopakwa mgongoni, wapo mafundi wa kuikwangua rangi ile. Katuni inatoka mbaya zaidi, alama inashuka, lakini lebo inageuka bluu na huenda bei ikapanda. Upande wa pili, kuinyoosha katuni kwa mashine yenye joto, unyevu na uzito mpaka mikunjo ipotee hakuhesabiwi kuwa ukarabati. Lebo inabaki bluu na alama inapanda. Wanaotetea utaratibu huo husema kunyoosha hakuongezi kitu chochote kwenye karatasi. Ni kweli, lakini nadhani sababu nzito ni kwamba ni vigumu mno kuthibitisha kuwa nakala imenyooshwa, na kosa lisiloonekana halikatazwi kwa urahisi. (Kwa wanaofikiria pasi ya nyumbani: msijaribu. Wino wa jalada unashika kwenye pasi na mgongo unapasuka.)

Sasa tumsikilize anayetaka kutengeneza. Fungua gazeti lolote la kale lililokaa miaka chini ya bati pale Kirumba au Igogo, ulitazame katikati, kwenye zile pini mbili. Unyevu wa ziwa umeshafika. Pini imevimba kutu, na kutu haikuishia kwenye chuma; imetambaa kwenye karatasi na kufanya duara la kahawia, na ndani ya duara hilo karatasi imekuwa kama biskuti. Vuta kidogo, ukurasa wa katikati unachomoka. Kingo nazo zimekuwa njano, kwa sababu karatasi ya bei nafuu iliyotengenezwa kwa mti uliosagwa hutoa asidi yake yenyewe kadiri inavyopata joto na mwanga. Palipochanika pamebandikwa selotepu mwaka ambao hakuna anayeukumbuka. Plastiki imekwisha kudondoka, gundi imebaki doa lisilotoka.

Kwa hiyo anayesema "iache ilivyo" anasahau kwamba haiachiki. Inaendelea kuharibika kila masika na kila vuli. Hata CGC yenyewe iliona hilo, ikatenga kundi la nakala zilizohifadhiwa na kulipatia lebo yake: nakala ambazo fundi aliyebobea amezishika palipochanika kwa karatasi nyembamba ya Kijapani na gundi ya wanga, au amezisafisha pini, bila kuzipaka rangi za kuzipendezesha. Gundi hiyo ya wanga inatoka kwa maji. Kwangu mimi swali zito ni hilo: je, anayekuja baada yako anaweza kukibandua ulichofanya?

Mafundi wetu wa majalada hawakufundishwa kufikiri hivyo, na siwalaumu. Wanapanga karatasi, wanakata kingo kwa mashine zilingane, wanapiga gundi nyeupe mgongoni. Ni kazi safi kwa leja ya duka. Kwa katuni ya 1964 ni hukumu, maana kingo iliyokatwa hairudi.

Ukiweka hesabu mezani, katuni nyingi za Kimarekani zitokazo kwenye masanduku haya hazistahili hata kupelekwa kupimwa. CGC iko Florida. Kuna nauli ya kwenda na kurudi, bima, ada ya kukagua, na ushuru ukitaka irudi hapa. Katuni ya kawaida ambayo ingeuzwa dola thelathini haibebi mzigo huo hata ikipata alama nzuri. Inayobeba ni ile ambayo mhusika maarufu anaonekana kwa mara ya kwanza, na hata hiyo iwe nzima. Zilizobaki zipige picha mbele, nyuma, mgongo na pini, uandike kila doa, uuze. Ukiificha selotepu kwenye picha, mnunuzi wa Ulaya ataiona akifungua bahasha, na pesa itarudi kwake pamoja na jina lako.

Kwa Sani na magazeti ya Spearman naachana na Wamarekani. Alama ya 4.0 au 6.0 ina maana pale nakala zinapokuwa nyingi, mtu akaweza kulinganisha hii na ile. Magazeti yetu yalipita mkono kwa mkono mpaka jalada likatoka, na mengi yakaishia kufungia karanga na maandazi. Ukiwa na toleo ambalo hujaona mwingine akiwa nalo, unalilinganisha na lipi? Mnunuzi wake ni mtu aliyelisoma akiwa mtoto, au mtafiti, na anachouliza kwanza ni kama kurasa zote zipo. Huyo hasumbuliwi na karatasi ya Kijapani iliyoshika pembe. Anasumbuliwa na hadithi ya Madenge inayokatika katikati.

Kuna pingamizi hapa ambalo silipuuzi. Soko la magazeti hayo likija kukomaa, ukarabati wa leo unaweza kuhesabiwa kasoro kesho, na wenye nakala zisizoguswa wakatucheka. Ndiyo maana hata kwa Sani nisingepaka rangi wala kukata kingo. Pini yenye kutu ningeitoa, na ningeandika kwenye kikaratasi cha pembeni kwamba imetolewa na lini.

Kigumu zaidi ni pale unapokuwa na nakala mbili pungufu za toleo moja. Ukichukua ukurasa wa hii ukauweka kwenye ile, unapata moja inayosomeka toka mwanzo hadi mwisho. Marekani jambo hilo litaandikwa kwenye lebo na litakuponza. Hapa nadhani ni halali, kwa sharti moja: ukurasa wa kuazima usibanwe pini wala kugundishwa. Uwekwe huru mahali pake, ndani ya bahasha ile ile, na ile nakala iliyotolewa ukurasa aende nayo mnunuzi huyo huyo.