Bwana Rada Kwenye Posa

Nyumba tuliyopanga pale Kariakoo ina uani mmoja, kamba chache za kuanikia na wapangaji kibao. Masika yakianza, kila ugomvi wa nyumba ile unaanzia kambani: nani kaanua nguo zake akaacha za mwenzake, nani kaona wingu akanyamaza, shuka la nani limenyeshewa mpaka linanuka. Mimi ndiye niliyeleta amani. Niliweka kwenye simu programu ya kuonyesha mvua inavyotembea, kijani manyunyu, njano mvua ya kueleweka, nyekundu ile ya kukimbiza kuku, nikawa natoa taarifa dirishani kila asubuhi. "Mama Zai, anika, una saa mbili." "Dada wa vitumbua, ingiza jiko ndani, kuna kitu kinatoka baharini."

Wakaniita Bwana Rada. Ukweli ni kwamba rada hasa ni mtambo mkubwa: unarusha mawimbi ya redio angani, yakigonga matone ya mvua yanarudi, na muda yanaotumia kurudi ndio unaosema mvua iko umbali gani. Mamlaka ya Hali ya Hewa inayo ya kwake hapa Dar es Salaam, na nyingine Mwanza. Hizi programu za bure za simuni, kwa upande wetu huu, mara nyingi zinachungulia kwa setilaiti tu, zinapima ubaridi wa vilele vya mawingu kisha zinakisia kinachoanguka chini. Lakini kamweleze hayo Mama Zai ambaye mashuka yake yamekauka! Kwake ile ni rada, na mimi ndiye fundi wake.

Sifa zikamfikia baba mkubwa. Ilikuwa mwezi wa nne, masika yamechachamaa, na familia inabishana namna ya kwenda Magomeni kupeleka barua ya posa ya mdogo wangu. Twende na miamvuli? Shangazi avae viatu gani? Baba mkubwa akanyanyua mkono. "Mnajisumbua bure. Muulizeni huyu." Mzee aliyetabiri mvua maisha yake yote kwa goti la kushoto ananikabidhi anga mbele ya ukoo! Nilivimba kichwa.

Siku yenyewe niliamka saa kumi na moja alfajiri, nikafungua ramani. Bonge la nyekundu lilikuwa limelala juu ya Pugu na Kisarawe, upepo unalisukuma kwenda Kibaha. Kariakoo nyeupe. Magomeni nyeupe. Baharini kweupe mpaka karibu na Unguja. Nikaandika kwenye kundi la familia: "Leo kukavu mpaka saa nane mchana. Vaeni mnavyotaka."

Wakavaa. Baba mkubwa alitoka na kanzu nyeupe inayoumiza macho, koti jeusi juu yake, na fimbo ya mpingo. Shangazi alitoa viatu vya kisigino ambavyo, kwa maelezo yake mwenyewe, vilikuwa havijawahi kukanyaga chochote zaidi ya zulia. Mimi, kwa heshima niliyopata, nikakabidhiwa barua yenyewe, imefungwa kwenye leso nyeupe pamoja na bahasha ya kifungua barua.

Kariakoo na Magomeni Mapipa ni mwendo wa salamu. Hujamaliza kuulizana habari za nyumbani umefika. Tukapanda Noah ya kukodi, tukaimba kidogo. Tulipokaribia kituo cha Fire magari yamesimama, na konda mmoja anapiga kelele: "Jangwani pamefungwa! Jangwani pamefungwa!"

Baba mkubwa akatoa kichwa dirishani. Jua linawaka, mbingu ya buluu tupu, wauza maji wanapata riziki. "Pamefungwa na nini?"

Tulishuka tukasogea kwa miguu. Morogoro Road ilikuwa imeingia majini. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yamefunika barabara upande hadi upande, trafiki amesimama mbele yake na filimbi mdomoni, na kochi la watu wawili linapita taratibu kuelekea daraja la Salender, halina haraka. Juu, hakuna wingu hata la kufutia kioo.

"Hii ya Pugu, mzee," kijana mmoja aliyekunja suruali mpaka mapajani alimwambia baba mkubwa. "Imenyesha alfajiri, sasa ndiyo inafika."

Msimbazi huo. Unazaliwa kwenye vilima vya Pugu kule Kisarawe, unatembea takriban kilomita 35, unaokota maji ya mto Ubungo na mto Sinza, unapita Jangwani, ndipo unaingia baharini pale Salender. Mtu yeyote aliyekuwepo Dar Desemba 2011, bonde hilo liliposombwa na waathirika wakahamishiwa Mabwepande, anajua kwamba Jangwani haihitaji mvua yake yenyewe ili ifurike. Lile bonge langu la nyekundu lilikwenda zake Kibaha, sawa, lakini mzigo lilishaushusha njiani, na mzigo ulikuwa na anwani.

Baba mkubwa akanigeukia. "Rada yako inajua mito?"

"Inajua mvua tu, baba mkubwa."

"Mvua ikishatua?"

"Ikishatua si kazi yake tena."

"Sasa ni kazi ya nani?"

"Ya kwetu, mzee," kijana akadakia. "Buku mbili mgongoni, buku moja mkokoteni."

Dereva alishauri tuzunguke: Upanga, Salender, Kinondoni, kisha Magomeni. Wazo zuri, ila jiji zima lilikuwa limeshaliwaza, na foleni ya kwenda Upanga tuliiona kwa macho haisogei. Isitoshe baba mkubwa hakutaka hata kusikia. "Magomeni ile pale, naiona. Nizungukie pwani kama namkwepa mtu?"

Basi akapanda mgongoni. Kanzu imekunjwa, fimbo juu, anaongoza. "Kulia! Kushoto hapo pana shimo, nalijua tangu zamani!" Huenda shimo lilihamia kulia tangu hizo zamani, maana hatua mbili mbele kijana alizama mpaka kifuani na baba mkubwa akazama naye.

Shangazi alikuwa na kesi yake. Kijana wa kwanza alimtazama, akamwita mwenzake: "Oya, njoo, huyu wa watu wawili." Shangazi akauliza wa watu wawili ni nani. Hakujibiwa. Kwa hasira akachagua mkokoteni, akakaa kati ya friji la mtu na mbuzi, viatu vimepakatwa kifuani. Katikati ya maji mkokoteni ukasimama. "Mama, hapa katikati bei inapanda kidogo." Shangazi alitukana kwa Kiswahili fasaha cha Tanga, lakini alilipa.

Mimi nilivuka kwa miguu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2019, na mfukoni nilikuwa na kinailoni kimoja tu kilichobaki baada ya kula karanga. Kinatosha simu au barua, si vyote viwili. Nikakitazama. Nikaweka simu.

Magomeni kulikuwa na vumbi. Wazee wa upande wa mke walikuwa barazani, wakavu, wamepiga pasi, wanatazama saa.

"Karibuni," alisema mzee wao. "Mmetoka kuoga?"

"Maji, mzee wangu," shangazi akasema. "Mvua."

"Mvua ipi?" Mzee akaangalia juu, wenzake wote wakaangalia juu.

Walikuwa wanajua. Mtu wa Magomeni asiyejua kwamba Jangwani pamefungwa hajazaliwa. Ila siku ya posa upande wa mke huwa hawajui kitu chochote. Nikaona hapa ndipo utaalamu unahitajika. Nikatoa simu kwenye kinailoni, kavu kabisa, nikamkabidhi. Mzee akavaa miwani, akatelezesha kidole kutoka Bunju hadi Mbagala.

"Kijana, hapa ni kweupe kote. Chombo chenu wenyewe kinasema hakuna mvua."

"Rudisha nyuma, mzee, mpaka alfajiri. Utaiona Pugu."

Akarudisha. Programu ikamwambia picha za zaidi ya saa moja iliyopita zinalipiwa.

"Faini," mzee akasema, akanirudishia simu kwa adabu.

Faini ya kuchelewa ilikuwa rahisi. Shida ilikuwa barua. Ilipofunguliwa, wino ulikuwa umetembea. Mshenga wetu akakohoa, akasoma kilichobaki: "Tunaleta maombi... kwenu... kijana wetu... na mbuzi." Hatukuwa tumeandika mbuzi. Mpaka leo mshenga anaapa aliona mbuzi. Bibi wa bibi harusi, aliyekuwa ndani nyuma ya pazia, akapaza sauti: "Mbuzi tumemkubali! Hayo mengine yaliyofutika mtayaleta lini?"

Tulibishana mpaka adhuhuri. Barua iliyolowa, kuchelewa na mbuzi, jumla ikateremshwa hadi shilingi 50,000. Baba mkubwa akatoa noti zenyewe mfukoni mwa koti, zimegandana, ikabidi zitandazwe kwenye sinia juani moja moja huku wazee wawili wakizilinda na kuku. Posa ikakubaliwa. Chakula kilikuwa kizuri, sitasema uongo, ingawa shangazi alikula akiwa amevaa khanga ya kuazima yenye maandishi niliyoona ni bora nisiyasome kwa sauti.

Kikao cha kwanza cha kamati ya harusi kilifanyika wiki iliyofuata, shangazi akiwa mweka hazina. Kwenye daftari la matumizi, kati ya mkaja wa mama na ukumbi, kulikuwa na mstari wa mwandiko wake wa kukandamiza: "Rada, 50,000." Mjumbe mmoja mgeni akausoma, akatikisa kichwa, akasema kwa bei hiyo hatupati muziki wa maana, na kwamba yeye anamjua DJ mwingine.