Mrefu Hawezi Kuruka? Tupige Hesabu Kwanza

Barafu pekee ya kudumu tuliyo nayo Uganda iko juu ya Rwenzori, nayo inazidi kuyeyuka. Anayetaka uwanja wa kuteleza kwenye barafu apande basi kwenda nje. Nairobi, kwa mfano, ilipata wake mwaka 2005 katika hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa. Lakini viatu vya magurudumu vipo Kampala, na kati ya vijana wanaovivaa wikendi kwenye maegesho ya magari na viwanja vya basketi wapo wanaojaribu akseli na Lutz, miruko ya kuzunguka angani waliyoiona kwenye simu. Miruko hiyo, ukiacha gurudumu na chuma, ni ile ile.

Hapo ndipo binti mrefu anapokatwa mbawa. Akifika sentimita 176 kila mtu anamshauri aende netiboli. Peace Proscovia, mfungaji wetu wa netiboli, ametuonyesha urefu unafaa nini chini ya goli, kwa hiyo ushauri huo hautolewi kwa ubaya. Kocha naye humwambia abaki na hatua na mizunguko ya chini, miruko migumu awaachie wafupi.

Kocha ana hoja. Muda wa kukaa angani unategemea kimo cha mruko tu: ukijiinua sentimita 40 unapata sekunde 0.57, ukijiinua 50 unapata 0.64. Mizunguko yote lazima iishe humo, na mvuto wa dunia haumwongezei mrefu hata nukta moja. Sasa chukua watu wawili wenye umbo moja, mmoja wa sentimita 160, mwingine 176. Tofauti ni asilimia 10. Uzito, ukikua pande zote, unapanda kwa asilimia 33. Nguvu ya misuli, inayofuata unene wake, inapanda kwa 21 tu. Na ugumu wa kuuzungusha mwili unapanda kwa 61. Asilimia 61! Ukimwonyesha mzazi namba hiyo, viatu vinauzwa kesho yake.

Lakini namba hiyo inastahili kuulizwa maswali. Imetoka kwenye sharti kwamba mrefu ameongezeka pande zote: mabega, nyonga, kifua, vyote kwa asilimia 10. Je, binti tunayemzungumzia yuko hivyo? Mara nyingi amerefuka bila kupanuka. Na katika miruko hii mwili huzunguka ukiwa wima, kwa hiyo kinachousumbua mzunguko ni umbali wa nyama na mifupa kutoka kwenye mhimili unaopita kichwani hadi miguuni. Urefu wenyewe umelala juu ya mhimili huo. Zungusha mwavuli uliofungwa kati ya viganja: ukiwa mrefu kidogo huoni tofauti, ila ukifunguka tu mkono unakushinda. Mtu aliyeongezeka urefu kwa asilimia 10 huku upana ukibaki ule ule, ugumu wake wa kuzunguka umepanda kwa 10 tu, sawasawa na uzito. Kutoka 61 hadi 10! Wanaomkataza wamechanganya mruko huu na sarakasi ya kupinduka kichwa chini, ambako urefu kweli ni mzigo, kwa sababu kule mwili unazunguka kwa kukatiza mhimili huo.

Kwa hiyo tazama viwiko. Nimewaangalia wakifanya mazoezi bila viatu, kwenye saruji iliyofagiliwa vumbi: wanaruka papo hapo, mguu mmoja umepita mbele ya mwingine, ngumi zimebanwa kifuani. Binti mrefu alikuwa akibana ngumi vizuri, lakini kiwiko cha kushoto kilitoka nje kama cha abiria wa dirishani kwenye teksi. Mikono yake ni mirefu, basi kosa dogo kwake ni kubwa. Kocha akapiga kelele "Juu zaidi!" Juu alikuwa amefika.

Upande wa pili hutaja pia Evan Lysacek, Mmarekani wa sentimita 188, aliyeshinda dhahabu Vancouver 2010 bila mruko hata mmoja wa mizunguko minne, akimzidi Evgeni Plushenko, aliyeufanya, kwa pointi 1.31. Wanasema: mnaona, mrefu aliuacha. Mimi naona aliyeuacha akashinda. Mwingine, Carolina Kostner wa Italia, sentimita 169, alikuwa bingwa wa dunia mwaka 2012. Jedwali la alama za kuteleza kwenye barafu lililoanza 2018 linasaidia kuelewa: Lutz ya mizunguko mitatu ina thamani ya 5.9, tolupu (mruko mwingine) ya minne 9.5, na ubora huongeza au kupunguza hadi nusu ya thamani. Ukianguka kwenye ile ya minne unabaki na 4.75, kisha unakatwa pointi moja. Lutz nzuri, ndefu, ya juu, inafika 8.85. Kimo na umbali wa mruko ni miongoni mwa vitu waamuzi wanavyotafuta, na miguu mirefu haikosi umbali.

Ninachowakubalia bila ubishi ni umri wa kurefuka. Msichana anayeongezeka sentimita nane ndani ya mwaka hupoteza hesabu ya mwili wake, na saruji haina huruma ya kisigino wala goti. Miezi hiyo apunguziwe miruko. Kupunguza si kufuta, na mwaka 2022 shirikisho la kimataifa la kuteleza kwenye barafu liliamua kupandisha umri wa chini wa mashindano ya wakubwa kutoka 15 kufikia 17, kwa hiyo hata huko juu haraka imepungua.

Kocha asiye na vifaa ana simu. Apige video ya picha 30 kwa sekunde, ahesabu kuanzia gurudumu la mwisho linapoachana na sakafu hadi la kwanza linapogusa. Picha 17 ni mruko wa sentimita 40, 19 ni wa 50. Akipata 17 na viwiko vimebana, aanze akseli ya mara mbili, awe na 160 au 176. Akipata 13, asubiri, na mfupi naye asubiri.